Nanawa

Alikuja bwana kutoka Unguja na projekta,
akatukalisha ukumbini saa nane mchana,
sisi tuliotoka zamu ya usiku na wanaoingia ya jioni,
akasema: fumbeni macho, vuteni pumzi,
jioneni mko ufukweni.
Mimi kwetu Tumbe. Ufukweni namwona
mama yangu kainama anatafuta pweza,
na bei ya pweza, na ada ya Nasra.
Bikombo, ubavuni mwangu, alishalala;
yeye ndiye aliyefaidi mafunzo.

Tukapewa soda na karatasi ya kusaini.

Usiku ule wazazi thelathini na mmoja,
vitanda kumi na tisa, manesi wawili.
Hesabu upendavyo, haigawiki.
Umeme ukenda zake saa tano, ukarudi, ukenda tena.
Huyu anaita nesi, yule anamwita Mungu,
na mimi naitika kote kuwili.

Saa tisa, Riziki wa Mzambarauni,
vidole vinanuka karafuu alizochambua hadi magharibi,
akajifungua mtoto kimya,
rangi ya zambarau mbivu.
Nikamfuta, nikamsugua mgongo,
nikamvika kibarakoa, nikabana mfuko:
pumua, mbili, tatu.
Pumua, mbili, tatu.
Ndivyo tulivyofundishwa, kuhesabu kwa sauti
ili mkono usikimbizwe na hofu.
Bikombo anamulika kwa simu.
Pumua, mbili, tatu.
Sikukiwaza kitanda cha saba. Sikuuwaza mshahara,
wala yule wa juzi, niliyemhesabia
mpaka nikapoteza hesabu
naye asinijibu.
Palikuwa na kifua tu, kidogo kuliko kiganja,
kinapanda.
Kinashuka.
Kisha akakohoa, akakasirika,
akatugombeza wodi nzima.

Riziki akacheka huku analia. Mimi nikenda bombani.

Juu ya sinki pana bango la hatua za kunawa,
kona yake imeliwa na unyevu.
Miaka kumi na moja nazipita hatua zile
kama mtu anayekimbia mvua.
Kiganja kwa kiganja. Kati ya vidole,
pale pale mwalimu wa chuo alipokuwa akinichapa
nikiparuruza udhu.
Maji ya Wete usiku yana baridi, yananuka chuma kidogo.
Nikayaacha yapite.
Na mdomo, wenyewe, bila kuamrishwa na projekta,
ukaanza:
pumua, mbili, tatu.

Safari hii hapakuwa na mtoto.
Palikuwa na mimi, Salhiya binti Faki,
nimesimama na kandambili zilizolowa,
mabega yananishuka kutoka masikioni;
sijui yalipanda lini. Pengine tangu Rajabu.

Sikufumba macho. Sikwenda ufukweni.
Nesi wa tatu hakuzuka. Vitanda vilibaki kumi na tisa,
na hilo nitalisema tena kikaoni, hata wakinichoka.
Ila kwa urefu wa kunawa mikono
hakuna aliyenidai.

"Salhiya!" Bikombo, mlangoni. "Kitanda cha saba! U wapi?"
"Nanawa."
"Mpaka sasa?"
Maji ndiyo kwanza yanafika vifundoni.
"Mpaka sasa."