Milimita Kumi na Nane

Juni, Mwanjelwa, ukungu umelala juu ya mabati.
Chuma hunywa baridi usiku kucha
na hakiitemi mpaka saa nne.

Mzee Ambakisye yuko uani siku ya tatu,
analala ndani ya Bedfodi yake
na magunia kumi na manne ya viazi vya Isyonje
ambavyo vimeanza kutoa macho.

Giaboksi ilimfia pale Igawilo.
Meno ya namba mbili tuliyakuta kwenye oili
kama punje za mahindi.
Na Bedfodi haina ndugu tena mji huu,
wote walishakatwa, wamekuwa majiko na mageti.
Fundi Tweve alichungulia, akafuta mikono, akasema:
"Ninayo ya Isuzu, yatima. Tutawaozesha."

Ndipo nikaitwa mimi, Subilaga, mkereza vyuma,
maana ndoa ya namna hii haisimami bila mshenga,
na mshenga wake ni bamba:
si la huku, si la kule,
lenye kujua matundu ya pande zote mbili.
Upande huu Mwingereza, amehesabu kwa inchi,
nadhani siku hiyo alikuwa na hasira.
Upande ule Mjapani na milimita zake.
Nikalaza kimoja juu ya kingine:
hakuna tundu hata moja linaloamkiana na mwenzake.

Baba alipima kwa uzi na ukucha.
Mimi nina kalipa, na bado nilikosea.

Juzi tuliiinua kwa jeki na mabega ya vijana wawili,
sukuma, taratibu, we Lugano kidole chako! sukuma,
ikaingia, ikakaa, tukakaza nati zote,
tukacheka kama wajinga.
Kumbe bamba nene mno.
Ncha ya shafti haikuifikia beringi ya flaiwili,
imebaki gizani humo
kama mkono ulionyooshwa kwa salamu
usipokelewe.
Milimita tatu.
Tukashusha. Hakuna aliyeniangalia usoni,
na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Usiku nikakereza peke yangu.
Nyuzi za chuma zikajikunja, za bluu, za moto,
ishirini na moja, ishirini, kumi na tisa,
hapo nikazima mashine, nikanywa chai, nikaogopa,
nikawasha tena.
Tweve naye alikuwa na sahani ya klachi mapajani:
kitovu cha Isuzu, duara la Bedfodi,
akivigongea riveti moja moja,
moyo wa huyu kifuani mwa yule.

Leo limewaka.
Mzee kakaa, kaweka mkono wa kushoto juu ya gia,
mkono wenye miaka thelathini na moja ya Bedfodi,
akasukuma kushoto, mbele, kutafuta namba moja ya tangu ujana,
na lori likarudi nyuma kwa heshima zote
likaila meza ya chapati ya mama Tumwitike.
"Mkono huu hauambiliki," akasema. "Mkono ni mtu mwingine."

Tweve akamchorea kwa chaki kwenye dashibodi,
mistari kama dirisha lisilo na vioo.
"Na hii ya pembeni, huku chini?"
"Namba tano."
"Ya nini?"
"Ya tambarare."
"Isyonje hakuna tambarare."

Alilipa nusu noti, nusu viazi, vyenye macho ndani yake.
Chapati alizilipa zote, hata ambazo hazikuanguka.

Siku ya kumi akapiga simu kutoka Chimala.
Hakusalimu.
"Ile ya pembeni nimeitia, baada ya Igurusi.
Kimya, binti yangu. Kimya.
Nilijua injini imezima.
Nikaegesha, nikashuka, nikafungua boneti.
Ilikuwa inafanya kazi tu."