Kinga na Kinga

Shinuna binti Muhanna hushona kofia.
Kazaliwa Ibra, kakulia Ng'ambo, karudi Al-Khoudh
na sindano zake ndani ya kopo la biskuti.
Tundu moja, uzi mara saba, fundo. Tundu moja.
Kofia moja miezi mitatu;
ukimharakisha, minne.

Mwezi wa Rajabu alijidunga kidole
na kitambaa cheupe kikanywa mpaka magharibi.
Miguuni pakaota vidoa vyekundu,
vidogo, vimepangana,
kama kofia iliyotobolewa ikingoja uzi.

Daktari akahesabu chembe sahani: elfu sita.
Mimi na wewe tuna laki mbili na ushei
wala hatujawahi kuzishukuru.

Mimi ni wa ghorofa ya chini, maabara,
mgonjwa simjui ila kwa namba ya kichupa.
Huyu nilimjua. Kofia ya harusi ya kaka yangu ni mkono wake.
Nikamweleza kwa Kiswahili chetu cha jikoni,
maana Kiarabu changu ni cha ofisini:

"Kingamwili ina umbo la panda ya manati.
Mikono miwili hukamata adui, mpini hubaki nje,
bandama nayo huushika mpini na kuvimeza vyote.
Zako zimekosea.
Zimekamata chembe zako mwenyewe."

Akanyamaza. Kisha: "Kikulacho..."
Hakumaliza. Nani asiyejua kilichobaki?

Basi sisi tunatengeneza panda nyingine,
ya kuushika mkono unaoshika mpini.
Kinga ya kuzuia kinga.
Bibi alikuwa akisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo;
yeye alikusudia vijinga vya jikoni, ukuni kwa ukuni.
Kila nikifungua friji ya nyuzi themanini chini ya sifuri
namsikia, na moshi wa baridi unanipanda usoni.

Toleo la kwanza halikushika kitu.
La nne lilishika kila kitu, hata plastiki.
La tisa Bindu alilisahau mezani Alhamisi jioni;
nje nyuzi arubaini na saba, nazo si za kushonea,
umeme ukakatika,
Jumapili tukakuta uji.
Hakulia. Aliosha vichupa vyote kwa mkono,
hata vile vya kutupwa.

La kumi na nne lilishika, likaachia,
likashika tena.
Tuliutazama mstari ukipanda kwenye kioo
kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto.

Panya sita. Wanne chembe zao zilirudi.
Wawili hapana.
Nimewaandika wote sita.

Shinuna anaishi kwa vidonge vilivyomvimbisha uso
na dripu ya bei ya gari.
Elfu thelathini. Elfu kumi na moja. Elfu arubaini.
Sindano zimo kopo­ni, kopo limo kabatini.
Kila mwezi huja kunipa vichupa vitatu vya utafiti,
akiukunjua mkono kama anayepima kitambaa.

"Hiyo dawa yenu, itaniwahi?"
"Sijui. Ni miaka. Huenda ikawa ya mwingine."

Akatazama vile vichupa vitatu, akavihesabu.
"Basi chukua cha nne."

Nikambana pamba mkononi.
Dakika kumi. Kumi na tano.
Alikuwa akinieleza habari ya uzi wa siku hizi, hauna nguvu,
unakatika kabla ya fundo.
Nilipoinua pamba
palikuwa na tundu moja,
kavu.