Silabi ya Kumi na Saba

Nakagua Miritini, lori, vani na matrela,
Kalamu i mfukoni, nyekundu, haina hila,
Kilo haina utani, wala haijui mila,
Ukizidi, shusha chini, sipokei mlungula.

Jumatano natulia, foleni imepungua,
Nikaona yaingia vani ya rangi ya jua,
Dirishani mapazia, ndoo, jiko na maua,
Nyuma imejilalia, springi zikiomba dua.

Kashuka mwenye miwani, ufunguo ameshika,
Mvi zake kitambani, kisigino kimelika,
Nikaduwaa kazini, ulimi ukakauka:
Mwalimu wa utotoni, Kadzo wa Jomvu, hakika!

Alonifunza mizani, leo yuko mizanini.
Silabi nane mwanzoni, na nane tena mwishoni,
Ukitoka kipimoni, wino mwekundu pembeni:
“Mwanamgeni, kwa nini zimebebana garini?”

Akapanda taratibu, mashine ikatulia,
Kikomo, kwenye kitabu, tani tatu, nakwambia,
Namba zikaja karibu, zikapita kwa mamia,
Kilo mia mbili, tabu, na kumi nyingine pia.

Kwenye rola nikapima, breki za mbele ni sawa,
Ya kushoto, huko nyuma, yashika kwa kuchelewa,
Taa moja imezima, bomba na kutu laliwa,
Aendako ni milima, kona hazina muruwa.

Nikauliza, “Mwalimu, umejaza nini humo?”
“Jiko, kitanda, na humu tungo zenu zote zimo,
Tangu nishike kalamu, kila jina, kila somo,
Nitagawa, zamu zamu, kila kijiji walimo.”

Trela nyuma lapuliza honi, dereva kachoka,
Tsofwa akanigeuza: “Dada, kilo zafutika!
Mtu aliyekukuza utamlipa mashaka?”
Nikaitazama meza, kalamu ikanitoka.

Yeye akanitazama, miwani kaipangusa:
“Mwanangu, ulipokwama, mimi sikukupapasa.
Ikizidi, si lawama, andika nyekundu sasa.”

Pipa la maji kamwaga, lami ikanywa upesi,
Kitanda tukakibwaga, cha mvule, si chepesi,
Mizani haina woga: ikataka karatasi.
Masanduku akaaga, matatu, pole, si kasi.

“Niwekee ofisini. Jumamosi, breki kali.”
Nikaandika chetini: imezidi, si kamili.
Kakipokea, hanuni, kasoma mara ya pili:
“Mwandiko,” kanena, “duni, lakini hukumu kweli.”

Lango lilipopumua, taa Kipevu naona,
Sanduku nikafungua, nikalitafuta jina,
Shairi nalitambua, la miaka mingi sana,
Wino bado wachanua mshororo ulonona:

“Kisima kikiwa mbali, na ndoo zikiwa zetu,
Mama akibeba mbili, mimi nitabeba ya tatu.”
Kapita kalamu kali, kaandika neno butu:
“Imezidi. Ila, kweli, sioni la kukata tu.”

Jumamosi akapita, breki zote zikajibu,
Sanduku moja kavuta, mengine hadi Rajabu.
Gramu tano nimekata mzigoni, bila tabu:
Karatasi nilopata haimo kwenye hesabu.