Bei ya Maombi

Valdivia, siku ya nne ya mvua isiyopumua.
Nayadet Oyarzún anasukuma gogo ndani ya jiko kwa kisigino,
vidole bado viko kwenye kibodi.

Barua: "Mpendwa msanidi, tunaboresha huduma."
Wakisema kuboresha, papasa mfuko.
Kuanzia tarehe mosi, maombi elfu moja
dola mbili na senti arobaini.

Maombi. Lugha yangu haitofautishi:
neno lilelile la magoti na machozi
ndilo la kompyuta inayobisha hodi kwa kompyuta.
Sasa hodi ina risiti.

Maktaba yake aliiita Koipo,
kwa jina la panya-maji wa vinamasi vya huko,
mistari elfu tatu ya msimbo, bure kwa wote.
Huchota kina cha mito kutoka seva za kampuni,
hunyoosha tarehe zilizoandikwa kinyumenyume,
huziba pengo palipostahili sifuri.
Miaka sita amewafuta kampuni makamasi,
usiku, akishamlaza Anselmo,
wala hawajui jina lake.

Kila usiku majaribio yake hubisha mara elfu nne.
Anapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
kwa mwezi, kuni za majira yote ya baridi.
Asipojaribu?
Atakuwa mpishi anayepakua bila kuonja.

Na ujumbe umeshaanza.
Klabu ya wapiga makasia, Gdańsk: pole, tufanyeje?
Kampuni ya samaki, Puerto Montt,
yenye malori kumi na tisa na nembo ya dhahabu:
"Koipo imekufa. Tunaihitaji kabla ya saa sita."
Anaandika jibu refu. Analifuta.
Anaandika: Mto si wangu. Mimi nilichonga kata tu.
Analifuta hilo pia; linanuka kujihurumia.
Anatuma: Leteni ufunguo wenu.

Kisha anavaa buti, anashuka hadi darajani
penye nguzo iliyochorwa namba,
anasoma kwa macho yake, bila kubisha:
mita moja, themanini na tatu.

Anarudi, maji yakimchuruzika shingoni,
anaichapa namba hiyo ndani ya jaribio, isibadilike.
Jaribio linapita. Kijani.
Litapita kesho, litapita keshokutwa,
hata mto ukiingia sebuleni.