Vidole Viwili

Mwaka ule mvua ilikata daraja la kwenda Santa Cruz,
dereva wa kukodi, Mbolivia, akageuza gari ng'ambo,
na Aganetha alikuwa na siku mbili za uchungu,
mtoto amelala kingamo.
Kaka yangu Isbrand aliyang'oa magurudumu ya chuma
kwenye trekta la Baba, akafunga ya mpira
aliyoyaficha ghalani chini ya magunia ya soya.
Chuma hakiruhusiwi kukanyaga lami ya serikali.
Mpira hauruhusiwi kukanyaga koloni letu.
Mtoto akazaliwa mzima, akaitwa Gerhard,
jina la babu aliyeukataa mpira hadi kaburini.

Jumapili ya tatu wazee walimwita.
Hawakupiga kelele. Mzee Bernhard Neudorf
alilia akisoma hukumu; niliyaona machozi,
kwa hiyo mtu asiniambie watu wale hawakuwa na moyo.
Walimwuliza neno moja: Utayang'oa?
Akasema: Uchungu ukirudi usiku wa mvua,
nitayafunga tena kwa muda gani?
Hilo halikuwa jibu.
Wakamtenga.

Kutengwa, kwetu, ni jambo la mezani.
Usile naye pamoja. Usipokee chumvi mkononi mwake.
Mama hakuwa mtu wa kuvunja sheria,
wala hakuwa mtu wa kumnyima mwanawe supu.
Alisogeza meza ndogo kando ya ile kubwa,
akaacha nafasi ya vidole viwili,
alipima kwa vidole vyake mwenyewe,
kisha akatandika juu ya zote kitambaa kimoja, cheupe,
kilichopigwa pasi ya mkaa.
Ukiingia mlangoni unaona meza moja.
Mzee Neudorf akiinama ataziona mbili.
Mungu, Mama alimwachia ahesabu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Wakati wa sala ya kimya
niliingiza mkono chini, nikaugusa ufa:
hewa tu,
na ng'ambo yake goti la kaka yangu likitetemeka.

Baba alisema: Shamba bila wigo ni njia ya ng'ombe.
Leo mpira, kesho lori, keshokutwa mtoto yuko mjini
hamjui jirani wa ukuta mmoja.
(Gerhard yuko mjini. Anauza simu. Nilimwuliza juu ya jirani,
akacheka.)
Isbrand alisema: Wigo umelila shamba, Baba.
Miaka kumi na tisa walisema hayo hayo,
wakipitishiana mkate kupitia kwa Mama.

Nami niliolewa ng'ambo ya barabara,
kwenye kanisa la magitaa na viti vya plastiki,
ambako neema hutajwa kabla ya salamu.
Jumapili ya kwanza Tina Harder aligusa ushungi wangu mweusi:
Hapa hukihitaji hiki, dada, uko huru.
Jumapili ya pili aliuliza kama nimesahau.
Ya tatu walinizunguka, wakaniwekea mikono,
wakaiombea roho ya sheria initoke.
Ulikuwa unanukia sabuni ya Mama, basi.
Nikauliza: Naweza kuwa huru nao kichwani?
Wakatazamana.
Hilo nalo halikuwa jibu.

Mama alikufa Agosti, upepo wa kusini ukipeperusha mavumbi.
Wale wa chuma waliimba polepole kaburini,
wale wa mpira wakasubiri langoni, injini zimezimwa.
Katika kugawana vitu, mimi nilipewa kitambaa.

Nimekitandika leo juu ya meza yangu, ambayo ni moja.
Kimelika mistari miwili, nyuzi zimebaki kama utando,
pale kingo za meza zilipokisugua kila mlo.
Ila katikati ya mistari hiyo, upana wa vidole viwili,
pale kilipotandwa juu ya hewa,
kitambaa ni kipya kama siku kilipotoka dukani.

Pale ndipo ninapoweka chumvi.