Ukosi

Kazi yangu ni ndogo: kubana kinasa sauti
kwenye ukosi wa anayeketi.
Miaka kumi na saba, ghorofa ya tatu, Ganjoni,
juu ya duka la vitambaa,
lifti ilikufa kabla sijaajiriwa.
Kiti ni kile kile, kimevuliwa ngozi mara mbili.
Watangazaji nawajua kwa shingo.

Wa kwanza, Twalibu Shekue. Kanzu yake haikuwa na ukosi wa kushika,
nikabana penye darizi, kifuani,
nikausikia moyo ukienda mbio chini ya udi.
Taa nyekundu ikawaka. Hakusema habari za usiku.
Alingoja. Alingoja hadi fundi wa sauti akanitolea macho.
Ndipo akatamka, kama afunguaye mlango kwa ndani:

          Aso usingizi naje,
          tuugawane usiku.

Basi wakaja. Simu ikalia mpaka ikapata moto:
muuza mbaazi aliyebakiwa na sufuria nzima,
mjane wa Mwembe Tayari asiyeweza
kulala upande wa marehemu,
mwendesha winchi wa bandarini,
na Kaingu, bawabu wa Shimanzi,
alindaye matangi ya mafuta na paka mmoja.
Kaingu hakuwa na swali. Alisema tu, "Nipo."
Na Twalibu: "Nasi tupo."
Akapokea mwingine.

Miaka tisa. Kisha sukari, kisha mguu,
kisha wiki mbili za kiti kitupu,
wakirudia vipindi vya zamani
na watu wakipiga simu
kumjibu aliyekwisha kuzikwa.

Kadzo Mwaringa alikuja na mahamri kwenye mfuko wa karatasi.
Makombo yake niliyatoa kwenye kinasa sauti kwa sindano.
Usiku wa kwanza beti ile ilimkwama kooni,
wa pili akaisema akicheka, ikawa yake.
Bibi mmoja wa Kibokoni akapiga: "Wewe si Twalibu."
"Kweli, mamangu. Twalibu alikuwa na ndevu."
Ni yeye aliyemuuliza mheshimiwa mmoja
maji ya Mikindani yamekwenda wapi,
kisha akafunga mdomo, akamtazama.
Sekunde kumi na moja. Nilihesabu mimi,
nikiona waya ukitetemeka kwenye ukosi wa mheshimiwa.
Alhamisi ile ile ikaja barua, haina hata bahasha.

Baada yake walipita wawili ndani ya mwezi.
Mmoja alitoka jasho mpaka klipu ikashika kutu.
Mwengine, kila dakika tatu, "Mombasa raha!"
Majina yao yamenitoka.

Sasa yuko Feisal Tsuma. Umri wake sawa na wa kitinda mimba wangu.
Huvaa fulana, hana ukosi.
Kinasa sauti chake hakina waya,
hujibandika mwenyewe: "Asante, mama, nishamaliza."
Si mbaya, nisimsingizie. Mara mbili amenichekesha
hata nikatoka nje ya studio.
Lakini beti hana, na simu hapokei.
Ujumbe hupita chini ya kioo kama siafu,
hakuna anayeusubiri ufike.

Kwa hiyo mimi huleta maji.

Jana, saa sita kasorobo, ikalia ile simu ya ukumbini
ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata.
"Nipo."
Mkono wangu ulitafuta ukosi wa mtu,
ukashika wangu.
"Nasi tupo," nikanong'ona, kipindi kiko hewani.
"Paka kazaa. Watatu. Mmoja ana doa shingoni."
Akanyamaza, nikasikia upepo kwenye mabati yake.
"Na huyo mpya, vipi?"
Kwenye runinga ya ukutani, isiyo na sauti,
Feisal alikuwa akicheka peke yake.
"Hajui kungoja," nikamwambia. "Lakini shingo anayo."
Kaingu akasema haya, kuna lori langoni.
Akakata.