Sikujua

Jina langu Sikujua binti Pazi, fundi cherehani,
Buguruni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Bibi ndiye aliyenipa jina. Hakusema kwa nini.

Kliniki, nesi mgeni alinifungulia kadi.
Jina? Sikujua.
Mimba ya ngapi? Ya pili.
Ya kwanza ulijifunguaje? Kwa kisu.
Kwa nini walikupasua?
Sikujua.
Akacheka, akadhani namrudia jina.
Halafu akaniangalia usoni, akalaza kalamu.

Nakumbuka taa. Nakumbuka mtu akisema
"huyu apelekwe," na huyu ni mimi.
Nakumbuka dole gumba langu likichovywa wino wa zambarau,
ilhali najua kuandika, naandika kila siku ya Mungu:
kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, bega kumi na nne.
Dole likagandamizwa, karatasi ikaondoka
kama mgeni asiyeaga.
Nilipouliza, nikajibiwa:
"Unataka mtoto au unataka maelezo?"
Kana kwamba vyote viwili havienei kwenye kanga moja.

Mimi kitambaa cha mtu sikikati kabla sijamwuliza.
Hata kitenge cha elfu nane nakitandaza mezani,
namwambia mwenyewe: hapa nitakata, hapa nitapunguza,
ua limekaa upande, unaonaje?
Na kitambaa hakina damu.

Nikaenda masjala. Bwana Kinyogoli
akapekua mafaili yaliyofungwa kwa mipira ya baiskeli,
akapiga chafya, akasema:
mvua za mwaka ule, dada, maji yalifika rafu ya tatu.
Sababu yangu ilikuwa rafu ya pili.

Usiku wa uchungu nilikwenda na wifi yangu Mwamvua,
kabeba beseni, kanga nne, na chupa ya uji.
Mlinzi akasema ndugu mwisho getini.
Mwamvua, anayekaanga mihogo sokoni na hajawahi kunyamaza,
akashika kiuno: basi na mimi nimeshikwa, nifungulie!

Ndani, wanawake kumi na mmoja, nesi mmoja.
Simsingizii umalaika. Atupokile alikuwa hoi,
anatembea na soksi, viatu vimemshinda.
Lakini alivuta kiti cha plastiki chenye ufa,
akasema wifi akae hapa, kichwani pako, asinizibe njia tu.
Na kila mkono wake ulitanguliwa na neno:
"Sasa nakupima, itauma kidogo."
"Sita. Saa nne ulikuwa nne."
"Hii dripu ni maji. Ya kuongeza uchungu siweki,
wewe una kovu."
Maneno madogo kama pini za fundi,
kila moja limeshika mahali pake
nisifumuke.

Alfajiri moyo wa mtoto ukaanza kusuasua.
Akaongeza sauti ya kile kimashine.
"Sikia mwenyewe. Unavuta, unakawia.
Daktari anataka kupasua, na mimi naona hivyohivyo.
Una swali?"
Nilikuwa nalo, la miaka mitano,
nikalitoa vipandevipande katikati ya maumivu:
na ile mara ya kwanza, ilikuwa hivi?
Akasema: sijui. Sikuwepo. Siwezi kukutungia.

Jamani, lile "sijui" lake
lilinipoza kuliko sindano ya ganzi.

Karatasi ikaja na kidau cha wino.
Nikasema, nipe kalamu.
Nikaisoma kwanza, Mwamvua kanishikia tochi ya simu,
nikaandika jina langu zima, herufi kubwa;
uchungu ulinikuta kwenye U,
nikangoja upite, nikamalizia.

Sasa nina mshono juu ya mshono.
Mmoja naujua.
Mwingine, mvua ikinyesha,
unawasha.